Daftari la Sukari ni Amana



Wewe mwenye kisukari unayefunga Ramadhani hapa Rohero, pima sukari yako mchana na uandike: siku, saa, kiwango. Tone la damu kidoleni halivunji saumu. Ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, fungua papo hapo, unywe maji ya sukari, hata kama Magharibi imebaki nusu saa. Ikizidi 300, fungua pia, umwone daktari. Usione haya mbele ya wenzako. Al-Baqara, aya ya 184, imemruhusu mgonjwa kulipa siku nyingine. Lakini kuandika 110 ulipoona 62, ili daktari akuruhusu kufunga, ni ushahidi wa uongo juu ya mwili uliopewa kwa amana.

Allah atujaalie afya na ukweli. Amin.