Subira na Uchunguzi

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba subira ni ufunguo wa faraja, na kwamba haraka haraka haina baraka. Mafundisho hayo ni mema, wala sina nia ya kuyapinga. Lakini liko swali ambalo methali hizo zimetuachia tulijibu wenyewe. Kitu kinaposimama kimya mbele yako, nawe hujui kama kinafanya kazi au kimekufa, yakupasa kungoja mpaka lini? Na ukichoka kungoja, una haki ya kumhukumu nani? Nitakueleza, msomaji, jinsi kompyuta ilivyonifundisha jibu, na aibu niliyoilipa kwa somo hilo.

Nilinunua kompyuta mpya, nikataka kuitia programu ya kutunzia hesabu. Programu ya namna hiyo haiingii yenyewe; huingizwa na kisakinishi, yaani programu ndogo ambayo hufungua faili, huzipanga mahali pake, na kuijulisha kompyuta habari za mgeni aliyeingia. Kazi hiyo nilimpa mpwa wangu, mvulana wa shule ya sekondari. Mstari uonyeshao mwendo wa kazi ulikwenda hata nusu, ukasimama. Tulingoja dakika kumi, haukusogea. Kijana akafungua kinywa kusema neno, nikamkatiza. Nilimwambia kwamba kompyuta ilikuwa nzima mpaka mikono yake ilipoigusa. Kisha nikabonyeza kitufe cha kuzimia, nikakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Nilipoanza upya, mstari ulisimama pale pale. Kijana alikuwa amekwisha kwenda zake, uso ameuinamisha.

Tazama makosa niliyotenda kwa dakika chache. Kukizima kisakinishi katikati ya kazi ni kama kumshusha fundi kutoka juu ya paa wakati nusu ya mabati haijapigiliwa misumari: huenda ukaacha faili nusunusu ambazo kesho zitakuwa ugonjwa mpya. Hilo lilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa kudhani kwamba jambo lililofuata baada ya mkono wa kijana lilisababishwa na mkono huo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini si yeye aletaye jua.

Wala kimya cha mstari ule hakikuwa ushahidi. Katika mwaka 1936, Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, alionyesha kwamba hapana kanuni moja iwezayo kuipima kila programu na kutuambia, bila kukosea, kama itafika mwisho wake au itaendelea milele. Ikiwa hisabati yenyewe imekiri mpaka huo, mtu aliyetazama kioo kwa dakika kumi atajigamba kwa ujuzi gani?

Hata hivyo, kutojua yote si sababu ya kutouliza lolote. Swali kubwa likikushinda, liulize dogo. Katika kompyuta zitumiazo Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha lionyeshalo kila programu inatumia nguvu kiasi gani. Tarakimu zikipanda na kushuka, yamkini kazi inaendelea, ngoja. Zikikaa katika sifuri muda mrefu, huenda programu inangoja kitu. Basi uliza kwa taratibu. Je, diski ina nafasi ya kutosha? Je, faili ilifika nzima kutoka katika intaneti, au ilikatika njiani? Je, iko programu nyingine inayosakinishwa wakati uo huo, maana kompyuta mpya mara nyingi hushughulika siku ya kwanza kujiletea masasisho? Je, liko dirisha dogo liombalo ruhusa, nalo limefunikwa na kubwa? Kisha badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mgonjwa aliyemeza dawa tatu pamoja akapona, hajui ni ipi iliyomponya.

Jioni ile nilifuata njia hiyo. Tarakimu zilikuwa sifuri. Nilipotazama chini ya kioo, niliona alama ndogo ikimetameta. Nikaibonyeza, likatokea dirisha dogo lililokuwa limefichwa nyuma ya lile kubwa, likiniuliza kama naridhia programu iingie. Nikaridhia, mstari ukaendelea, na kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Kumbe kompyuta haikufa. Ilikuwa ikingoja jibu langu, kama mimi nilivyokuwa nikingoja lake.

Wako wasemao kwamba mkubwa akimwomba radhi mdogo hujivunjia heshima. Mimi naona heshima huvunjika siku ya kudhulumu, na radhi ni kuitengeneza. Nilikwenda kwa mpwa wangu nikamwambia nimekosa. Akanijibu kwa upole, "Mjomba, nilitaka kukuonyesha kitu kilichokuwa kikimetameta pale chini." Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Jibu lilikuwa chumbani mwangu tangu mwanzo, katika kinywa nilichokifunga.

Basi hili ndilo nililojifunza. Subira isiyouliza ni usingizi, na ghadhabu isiyouliza ni dhuluma. Kati ya mbili hizo ipo njia ya tatu, nayo ni uchunguzi: kungoja huku macho yamefunguka, na kutomtia mtu hatiani kabla ya ushahidi.

Nawe, msomaji, siku moja utapewa ofisi, darasa, karakana au nyumba ya kuongoza. Kitu kitasimama, na watu watakutazama usoni. Kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, tafuta kinachongojwa. Na aliye mdogo wako akifungua kinywa, mwache amalize.