Uchafu wa Injini Huenda Wapi?

Silinda hedi ya Peugeot 504 imelazwa chali juu ya gunia, uani kwa mtu. Vyumba vyake vinne vya mwako vimeganda masizi magumu kama ukoko uliosahauliwa chunguni. Pembeni kuna beseni la mafuta ya taa, burashi ya waya, mswaki mkuukuu, matambara ya fulana zilizochakaa, na makopo ya maziwa yaliyojaa nati na bolti, kila kopo na alama yake ili pistoni ya kwanza isije ikavikwa vya pistoni ya nne. Gari lenyewe limepandishwa juu ya magogo, boneti wazi.

Nyua nyingi za Afrika Mashariki zimeiona picha hii, kwa kuwa 504 ilipendwa sana huku. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na mwaka 1978 toleo lake la milango miwili likashinda tena. Wanaozifufua leo hugundua jambo moja mapema: kuifungua injini ni kazi ya siku, kuisafisha ni kazi ya wiki. Na wiki hiyo, mtu akiwa ameinamia beseni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, humpa nafasi ya kukutana na swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia tangu zamani. Usafi ni nini hasa? Je, kitu kinaweza kuitwa safi ikiwa uchafu wake umehamia kwa mwingine?

Kwanza kazi yenyewe. Petroli hukata grisi upesi kuliko kitu chochote kilicho karibu, lakini mvuke wake huwaka hata penye baridi ya kugandisha maji. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini kwa chini mpaka ukalifikia jiko la mkaa lililodhaniwa kuwa liko mbali. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi, na ndiyo sababu fundi mwangalifu huichagua, au huchukua mafuta ya taa, akafanya kazi kivulini penye upepo. Wengine hutumia soda kostiki. Kwenye bloku ya 504, ambayo ni ya chuma cha kalibu, soda hiyo huondoa grisi bila madhara makubwa. Kwenye silinda hedi ni msiba, kwa kuwa hedi ni ya alumini. Soda huila alumini huku ikitoa povu na gesi ya haidrojeni inayoshika moto, na hedi iliyotumbukizwa jioni huweza kutolewa asubuhi imejaa vidonda.

Halafu kuna msasa. Mtu huona gasketi ya zamani imegoma kubanduka, akaisugua kwa msasa mpaka uso wa bloku ukang'aa. Vumbi la msasa huingia kwenye njia za oili, nyembamba kama kalamu, zinazopita ndani ya bloku kwenda kwenye krenki. Kati ya krenki na beringi zake kuna nafasi isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita, na nafasi hiyo yote ni makazi ya utando wa oili. Punje ngumu ya msasa ikiingia humo hukwaruza bila kukoma. Mafundi wenye uzoefu hurudia kuziosha njia hizo kwa burashi ndefu, maji ya moto na sabuni, kisha huzipuliza kwa kompresa. Kumbe kule kung'aa kunaweza kuiua injini ambayo masizi yalikuwa hayajaiua.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Mary Douglas alilitazama jambo hili la uchafu kutoka upande mwingine. Mwaka 1949 alikwenda Kasai, katika Kongo ya Wabelgiji, akaishi miongoni mwa Walele na kuchunguza miiko yao ya vyakula na wanyama. Kitabu chake kuhusu unajisi na hatari kilichapishwa mwaka 1966, na hoja iliyokipa umaarufu ni kwamba uchafu ni kitu kilichokaa mahali pasipo pake. Gereji inathibitisha hoja hiyo kila siku. Oili ndani ya injini ni uhai. Oili ile ile juu ya kanzu ya Ijumaa ni doa. Mchanga barabarani haumsumbui mtu, lakini ndani ya silinda ni maangamizi.

Ukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho, inadai zaidi ya ilivyoonekana mwanzoni. Ikiwa uchafu ni kitu kisicho mahali pake, basi kusafisha hakuuondoi uchafu duniani. Kunauhamisha tu. Masizi yametoka kwenye hedi yakaingia kwenye beseni. Beseni limekuwa jeusi. Jioni imefika, na karibu na ukuta pana mtaro.

Sheria za kale za dini zilikuwa makini hapo hasa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wanafunzi wa fikihi huanza na mlango wa maji. Hufundishwa kwamba maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi hubaki safi, lakini hayawezi kumtwaharisha mtu mwingine. Maji yaliyooshea najisi nayo yana hukumu yake: huangaliwa kama yametoka yamebadilika rangi, ladha au harufu. Sheria hiyo haimwachi mtu baada ya kutakata mwili wake. Inayafuata matone yanayodondoka na kuyauliza yamebeba nini.

Fundi Mwislamu hukutana na elimu hii moja kwa moja. Wanazuoni wengi hawaihesabu oili ya madini kuwa najisi, kwa hiyo nguo yenye doa la grisi haiharibu swala. Lakini tabaka la grisi linalozuia maji kuifikia ngozi linauharibu udhu, na lazima liondolewe. Weusi uliobaki kwenye ngozi bila tabaka hauna neno. Na ule uchafu wa chini ya kucha? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba watu wasamehewe, kwa sababu ya haja. Kuna huruma kubwa ndani ya hukumu hiyo: mkono wa mtu wa kazi hautakati kabisa, na haukufungiwa mlango.

Torati nayo, katika Mambo ya Walawi sura ya 16, inasimulia siku ya upatanisho. Kuhani anaweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, anayaungama maovu ya watu wote, na mbuzi anapelekwa nyikani. Wengi hukumbuka mbuzi. Wachache humkumbuka yule mtu aliyemswaga, ambaye aliamriwa kufua nguo zake na kuoga kabla ya kurudi kambini. Uchafu ulikuwa na mahali pa kupelekwa na mtu wa kuupeleka, na mtu huyo naye aliangaliwa.

Beseni la uani halina nyika. Sampu ya 504 hubeba takriban lita nne za oili, na oili iliyotumika huwa na chembe za chuma, masizi na mabaki ya petroli. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, huonya kwamba galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mtaro wa karibu na ukuta huishia mtoni au baharini, na pengine njiani unapita karibu na kisima cha jirani. Wapo wanaopaka oili hiyo kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Mchwa hukimbia kweli, lakini mvua ikinyesha udongo hupokea kilichobaki.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba mzigo huu haukupaswa kumwangukia mwenye beseni peke yake. Kampuni zilizouza mafuta na magari zilipata faida yao, na mitaa mingi haina pa kupeleka oili chafu. Malalamiko hayo ni ya kweli na yafikishwe kwa wahusika. Hata hivyo hayabadilishi kitu kimoja: jioni ile, mkono ulioshika beseni ni wa mtu mmoja, na mtaro uko hatua tatu mbele yake. Injini yake si safi bado. Nusu ya kuisafisha imo ndani ya beseni.

Njia ipo, nayo ni ya kawaida sana. Mafuta ya taa machafu yakiachwa siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa, matope huzama na mafuta ya juu hutakata kiasi cha kutumika tena kwa mwosho wa kwanza. Matope hutiwa kwenye dumu pamoja na oili ya zamani, likafungwa na kuandikwa, likangoja mnunuzi wa oili chafu. Wanunuzi hao wapo katika miji mingi, na kwenye gereji kubwa wanajulikana.

Siku 504 inapowaka, watoto hukimbilia moshi, na mwenye gari husikiliza vavu huku ameinamisha kichwa. Wapita njia husimama kuitazama boneti. Nyuma yao, chini ya mwembe, limesimama dumu la lita 20, kifuniko kimekazwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli.