Siku ya Tatu Upewe Jembe

Neno bure lina ujanja. Ukisema umepata kitu bure, unamaanisha hukukilipia. Ukisema umeenda mjini bure, unamaanisha umerudi mikono mitupu. Na ukisema fulani alifanya kazi bure, msikilizaji atauliza: hakulipwa, ama kazi yenyewe haikufaa kitu? Nimeliwazia sana neno hili tangu nianze kujaribu programu huria, kwanza nyumbani, halafu kazini, kwa sababu maana zake mbili hupenda kufuatana. Tunapokea bila kulipa, kisha polepole tunaanza kuliona jasho la aliyetupa kama kitu kisicho na thamani. Sasa swali: mtu akipewa kitu kilichotolewa kwa kila mtu, bila bei, anadaiwa chochote?

Walioanzisha mambo haya hawakuwa wanazungumzia bei. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, hoja yake ilikuwa uhuru: uhuru wa kuitumia programu, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzako. Kiingereza kina neno moja kwa bei na kwa uhuru, kwa hiyo wenyewe wamelazimika kueleza tofauti hiyo miaka nenda miaka rudi. Sisi tuna bure na tuna huru, ndiyo maana tunasema programu huria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini hicho. Kwa hiyo hata msee anayeapa hajawahi kujaribu hivi vitu, huenda anatembea navyo mfukoni.

Nyumbani nilianza na kompyuta nzee yenye kumbukumbu ya GB 4, ambayo kufungua kivinjari tu ilikuwa kazi ya kukutoa jasho. Linux Mint unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flash, bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Ukiipenda unaiweka. Usipoipenda unachomoa flash yako na maisha yanaendelea. Huo ni ukarimu wa ajabu: mtu anakukaribisha nyumbani kwake na kukuonyesha mlango wa kutokea kabla hujakaa.

Linganisha na njia iliyozoeleka mtaani. Unatafutiwa jamaa, unampa pesa kidogo, anakuwekea nakala iliyovunjwa kufuli. Hakuna anayeona haya, si kampuni yenyewe ni tajiri? Lakini angalia jambo hili: kwa kitu cha wizi, tunamlipa jamaa na kumshukuru. Kwa kitu cha zawadi, hatumlipi mtu, na kikikwama kidogo tunatukana. Cha wizi tunakilipia, cha zawadi tunakinung'unikia.

Kazini mambo ni tofauti kidogo. Nikijaribu kitu kwangu, nahatarisha usiku wangu mwenyewe. Nikikileta ofisini, nahatarisha muda wa watu ambao hawakuniomba. Kujaribu nyumbani ni uhuru, kujaribu kazini ni amana. Kwa hiyo tulipoanza kutumia LibreOffice katika ofisi yetu ya watu tisa, tulikubaliana kwanza: nakala za akiba za kila faili, na mwezi mzima ambao yeyote angeweza kurudi alikotoka bila kuulizwa.

Lalamiko kubwa lilikuwa moja. Majedwali ya ripoti yalikuwa yakihama tukimtumia mtu anayetumia programu nyingine. "Hii kitu yenu ya bure itatuaibisha," mwenzangu mmoja akawa anasema kila Ijumaa. Tulilalamika kwenye korido, tukalalamika kwenye chai. Aliyefanya jambo la maana ni mwanafunzi aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya kazi. Alitengeneza faili fupi lenye jedwali lile lile, akafuta majina ya wateja, akaandika aya mbili kueleza hatua kwa hatua jinsi hitilafu inavyotokea, akawatumia wanaoitunza programu. Akajibiwa na mtu asiyemjua, akaulizwa toleo gani, akajibu. Miezi kadhaa baadaye, toleo jipya likaja na majedwali yakatulia. Yeye alikuwa ameshaondoka. Mwenzangu wa Ijumaa anazituma ripoti zake kwa raha na hajui wa kumshukuru.

Najua pingamizi la kwanza. Leseni haidai shukrani. Nyingi zinasema wazi kwamba unapewa kitu jinsi kilivyo, bila dhamana. Ukikipenda sawa, usipokipenda sawa. Kama mtoaji mwenyewe hadai, wewe unadai kwa niaba ya nani? Tena kuna makampuni makubwa yanayovuna pesa kwa programu hizi hizi, ati deni lianzie kwangu, mtu wa kuhesabu nauli?

Ni kweli, kisheria hatudaiwi. Lakini sheria haijawahi kutosha kutufundisha adabu. Hakuna sheria inayokukataza kula kwa watu na kuondoka bila kusema asante. Na kuhusu makampuni, mwenye zaidi anadaiwa zaidi, hilo halina ubishi. Ila hata kwenye harambee, kuwepo kwa tajiri asiyetoa hakujawahi kuwa sababu ya wengine kukunja mikono. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tena kula bila kujali kuna madhara yake. Mwaka 2014 iligunduliwa hitilafu iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ndipo dunia ikatambua kwamba mzigo huo wote ulibebwa na watu wachache mno. Kisa cha Machi 2024 kinaniuma zaidi. Mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwenye mashine kwa njia ya mbali kunachukua kama nusu sekunde zaidi. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeutia alitumia jina Jia Tan, na alikuwa amejipenyeza kwa zaidi ya miaka miwili. Mtunzaji wa programu hiyo alikuwa ameshaeleza mwaka 2022 kwamba anaifanya bila malipo, na kwamba alikuwa na matatizo ya afya ya akili. Lakini kulikuwa na sauti zikimsukuma: mbona unachelewa, mpe mtu mwingine kazi. Leo sauti hizo zinashukiwa kuwa za uongo, sehemu ya njama yenyewe.

Nimejiuliza kwa nini njama hiyo ilifaulu. Nadhani sauti za uongo ziliaminika kwa sababu zilifanana kabisa na sauti za kweli. Mtu anayefanya kazi bure amezoea kusukumwa. Kama sisi watumiaji tungekuwa na desturi ya upole, anayesukuma angejulikana mara moja kuwa mgeni.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kulichukua hilo jembe kama bili: umekula, sasa lipa. Mimi naliona kama heshima. Mgeni asiyepewa jembe atabaki mgeni hata akae miaka kumi. Anayeshika jembe amekuwa wa hapo. Anaweza hata kusema shamba lilimwe vipi. Siku mbili za kujaribu ni haki yako, jaribu kwa raha. Ya tatu, kama umeamua kukaa, uliza jembe liko wapi.

Na majembe ni mengi, si lazima ujue kuandika msimbo. Kueleza hitilafu vizuri ni jembe. Ofisi iliyookoa pesa za leseni inaweza kurudisha sehemu yake, au kumpa mfanyakazi saa moja kwa mwezi ya kazi hii. Tena si kwamba sisi ni wa kupokea tu. Ushahidi ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008, kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, na ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wakikaa na kubishana kila amri iitwe nini.

Hilo jembe la mwisho bado liko chini. Fungua programu nyingi huria, chagua Kiswahili, uone menyu zinavyoruka katikati na kurudi kwenye Kiingereza. Kila neno lililobaki linasubiri mtu anayejua tofauti ya bure na huru.