Wimbo Uliokatika: Je, Kuziba Pengo ni Kudanganya?



Karibu kila kwaya ina kijana mmoja ambaye rekodi zote ziko kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Spika anafunga yeye, flashi anatunza yeye, na wimbo ukipotea lawama zote ni zake. Leo naongea na huyo.

Tuseme dada mmoja wa jumuiya amefiwa na mama yake, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Anakuomba ule wimbo aliouongoza mama, ausikilize na ndugu zake siku ya arobaini. Unafungua faili: dakika ya kwanza safi kabisa, halafu sauti inaanza kukwaruza, kiitikio kinakatikakatika kama sekunde 16, kisha wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Sasa hapo unafanyaje?

Ufundi kwanza. Usikimbilie kusema faili limekufa. Licheze kwenye programu nyingine, mfano VLC, kisha linakili ulijaribu kwenye simu. Likikwaruza palepale kila mahali, basi ugonjwa uko ndani ya faili. Kama ni kwenye kompyuta yako tu, kagua waya na spika. Na kama nyimbo nyingi zimeanza kuharibika kwa pamoja, shuku diski yenyewe: usiweke kitu kipya humo, toa nakala ya kila kinachosomeka, matengenezo baadaye. Ile chkdsk ya Windows inarekebisha mpangilio wa diski. Haijui mama aliimba nini. Kama flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kuisha, au umeme ulikatika katikati, kile ambacho hakikuandikwa hakipo, na hakuna programu ya kukiumba.

Kwa nini basi wimbo uliobaki ni mzima? Kwa sababu MP3 imegawanywa vipande vidogo sana, kwa kawaida kama 38 kwa kila sekunde moja. Vipande vichache vikiharibika, programu inavirukia na kuendelea na vinavyofuata. Ni neema hiyo, lakini ndipo pia kishawishi kinapoingia. Ukilibadilisha faili bovu kuwa faili jipya, kompyuta haitaona kosa lolote tena. Ubovu umeingia ndani ya wimbo wenyewe na umepewa cheti cha afya!

Na kuna njia tamu zaidi. Kiitikio kiliimbwa mara tatu. Unachukua kile cha pili, unakibandika kwenye pengo, unalainisha maungio. Nani atajua? Dada atafurahi, atalia machozi mema, atakuombea. Jamani, hilo nalo ni kosa?

Mtakatifu Augustino aliandika vitabu viwili kuhusu uongo, kimoja mwaka 395 hivi na kingine yapata 420. Kwake, uongo umo katika nia: una hili moyoni, unatoa lile kwa kutaka kumpoteza mwenzako. Pia anatofautisha kuficha ukweli na kusema uongo. Kwa hiyo mtu anaweza kujitetea: mimi sijasema neno, nimenyamaza tu.

Hapo ndipo sikubaliani na huyo mtetezi. Wewe umenyamaza, sawa, lakini faili linasema. Linamwambia yule binti: hapa mama yako alivuta pumzi hivi, hapa sauti yake ilipanda hivi. Atausikiliza mara mia. Atakipenda kiitikio kile cha kwanza kwa sababu ni cha kwanza, kumbe ni cha pili. Kubandika kwenyewe si dhambi. Watayarishaji wa muziki hufanya hivyo kila siku na kila mtu anajua. Tatizo ni kumwamulia mfiwa, bila kumuuliza, kwamba kinachofanana na mama yake kinamtosha.

Wengine watasema nakuza mambo, sekunde 16 tu. Labda. Ila angalia jambo hili ambalo naona ni zito kuliko yote: ukificha pengo, hakuna atakayetafuta kilichopotea. Ukisema, "Dada, pole, wimbo umeharibika hapa katikati," anaweza kukumbuka kwamba mjomba aliwahi kutumiwa huo wimbo. Mwalimu wa kwaya anaweza kuwa na CD kabatini. Mama mmoja wa bass (ndiyo, wapo!) anaweza kuwa nao kwenye kadi ya simu yake ya zamani. Nakala nzima hupatikana kwa watu wanaojua kwamba inatafutwa.

Kwa hiyo mpe yote mawili akitaka, lile lililozibwa na lile lenye pengo, na umwonyeshe lipi ni lipi. Faili bovu usilifute, na usiliache lipande juu ya nakala yako ya akiba; wengi wamepoteza nakala nzima kwa namna hiyo. Rekodi zijazo hifadhi kwa FLAC kama nafasi inaruhusu, maana kwa kawaida hubeba alama ya kuhakiki kama sauti iliyomo bado ni ileile.

Na kwenye jina la faili andika wazi, hata kama halipendezi: kiitikio cha kwanza kimeharibika, dakika 1:42 hadi 1:58, tunatafuta nakala nzima.