Spoku ya baiskeli tumeinyamazia, nyaya za meno tunaziita haramu

  

Ndugu Waislamu, hivi karibuni baada ya sala ya Isha katika msikiti mmoja hapa Mwanza, niliwaeleza wenzangu kwamba daktari wa meno amenishauri binti yangu wa miaka minane aanze kufuatiliwa, ili wakati ukifika avalishwe nyaya za kunyoosha meno. Kabla sijamaliza, mzee mmoja ninayemheshimu sana akanikatiza: "Ustaadh, wewe ndiye unayetufundishia watoto dini. Huoni kuwa huko ni kubadilisha maumbile ya Allah?" Wengine wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nilirudi nyumbani kinyonge. Jibu nilikuwa nalo, lakini jibu lenyewe lilianzia kwenye kosa langu.

Binti huyu alipokuwa na miezi saba alishikwa na homa, akawa anaharisha na kutapika. Wakati huo tulikuwa tumepanga Mabatini. Jirani mmoja akamfungua mdomo, akatuonyesha vivimbe viwili vyeupe kwenye ufizi. "Haya ni meno ya plastiki," akasema. "Msipoyatoa, mtoto hamnaye." Mama mkwe akaafiki, maana kwao ng'ambo ya Kamanga ameyaona mengi. Mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu, nilisema maneno mawili tu: "Fanyeni mnavyoona." Kisha nikaenda zangu kufundisha.

Mtoto alichokolewa fizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi. Jioni nilikuta kanga imelowa damu. Kuharisha hakukukoma. Siku ya tatu tulimkimbiza hospitali, akapewa maji ya ORS na vidonge vya zinki, akapata nafuu. Ajabu ni kwamba mtaani ilisemwa kuwa amepona kwa sababu meno yalitolewa!

Ndugu msomaji, hakuna meno ya plastiki. Vile vivimbe ni machonge ya utoto ambayo hayajatoboa ufizi. Mtoto hujaaliwa meno 20 ya utoto, na machonge huchomoza baada ya kutimiza mwaka mmoja na zaidi. Umri ambao vivimbe hivyo huonekana ndio umri ambao mtoto huanza kutambaa, kutia kila kitu mdomoni, na kupewa uji na maji. Kama maji yametekwa ziwani na hayakuchemshwa, ataharisha, awe na vivimbe au asiwe navyo. Ugonjwa uko kwenye kikombe, sisi tunautafuta kwenye ufizi.

Na chini ya chonge la utoto kuna mbegu ya chonge la ukubwani, ambalo huota mtoto akiwa kati ya miaka 9 na 12. Spoku haina macho. Hung'oa la juu na kuliharibu la chini, wakati mwingine na jino la jirani yake. Hicho ndicho picha ya X-ray ilichoonyesha kwa binti yangu: upande mmoja mbegu imepinda, na meno ya mbele yameanza kuhamia kwenye pengo. Naye ni katika waliosalimika. Wapo watoto waliovuja damu mpaka kufa, na wapo waliopata pepopunda. Chombo kilichopita kinywa hiki na kile kinaweza kubeba hata virusi vya Ukimwi.

Jambo hili si la kabila moja wala la nchi moja. Mwaka 1969 mtaalamu wa meno kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika juu ya ung'oaji wa namna hii nchini Uganda, ambako meno hayo huitwa ebiino. Hapa kwetu, katika miaka ya 1990, wataalamu Kikwilu na Hiza waliandika juu ya watoto wa Kitanzania waliong'olewa mbegu za meno na waganga wa jadi. Hata hivyo spoku inaendelea kunolewa.

Sasa turejee kwenye hoja ya mzee wangu. Ni kweli Qur'an (4:119) inatueleza kuwa shetani aliahidi kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah. Na ni kweli katika hadithi ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaotia mianya katika meno yao. Lakini hadithi hiyo yenyewe imetaja sababu: wanafanya hivyo kwa ajili ya kutafuta uzuri. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim amebainisha kuwa ikiwa mtu anahitaji kufanya hivyo kwa matibabu au kwa sababu ya kasoro katika jino, hapana ubaya. Aidha, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alitengeneza pua ya fedha ikamletea harufu mbaya, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza atengeneze ya dhahabu. Dhahabu, ambayo kwa wanaume asili yake ni haramu!

Basi ni nani anayebadilisha maumbile? Ni yule anayerudisha jino lililopotoka mahala pake, au ni yule anayechimbua jino zima ambalo Allah ameliumba na halijatoka hata ufizini? Kwa ile nyaya tunatoa fatwa. Kwa ile spoku tunatoa nauli. Tena katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Na sisi wazazi tunaompelekea mtoto, je, tutasema hatukuulizwa?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kila mtoto avalishwe nyaya. Wengi hungoja mpaka meno ya ukubwani yatoke, na wengi hawazihitaji kabisa. Kumvalisha mtoto ili tu afanane na wa kwenye luninga, huko ndiko onyo la hadithi linakoelekea. Lakini kumpima mapema ni jambo jingine. Chama cha madaktari wa kunyoosha meno cha Marekani kinashauri mtoto aonwe akifikisha miaka saba, kwa kuwa meno yanayoumana kinyume, au taya lililoharibiwa na kunyonya kidole, hurekebishika kwa wepesi zaidi mtoto angali anakua. Hapa Mwanza tunayo idara ya meno Bugando na Sekou Toure. Hata kidini kinywa kina haki yake: herufi ya fa na ya tha hutamkwa kwa kutegemea ncha za meno ya juu ya mbele. Mwalimu wa tajwidi anajua.

Siku ya pili nilimrudia mzee wangu nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Na mjukuu wangu waliyemtoa mwaka jana, je?" Nikamwambia: "Mpeleke, mzee wangu. Usingoje."

Nawe ndugu yangu, mtoto wako akiharisha usiku wa leo, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na asubuhi mfikishe kituo cha afya. Atakayekuja na habari za plastiki, mjibu kwa adabu, lakini usimfungulie mlango. Mimi niliufungua kwa maneno mawili.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga, na atuwezeshe kuzitunza amana alizotupa. Amin. Wabillahi tawfiq.