Mmeila Amana

Sikieni, ninyi mnaokaa nyuma ya meza. Nawaita wa koti jeupe na wa tai: daktari, muuguzi, mpimaji wa maabara, ofisa wa ajira, wakala wa kazi za nje. Kila asubuhi mtu huingia mlangoni kwenu na kitu ambacho hajamwonyesha hata nduguye: mwili unaomuuma, au maisha yake yote yaliyokunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Anawakabidhi, kwa kuwa hana pengine pa kukipeleka. Hiyo ni amana. Nanyi mmeila.

Semina hadi semina mnalalamika kwamba wananchi wanachelewa kuja kliniki, wanaficha dalili, wanakimbilia kwa waganga. Mnaandika kwenye ripoti kwamba wanahitaji elimu. Elimu wanayo, na walimu wao ni ninyi. Waliisomea kwenye foleni zenu, na hawajaisahau hata mstari mmoja.

Ingieni nami wodi ya wazazi. Sera ya Tanzania inataka mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Nanyi mnamrudisha mwenye uchungu akatafute glovu, pamba na nyembe, na asiye na pesa mnamwambia asubiri, kana kwamba mtoto naye husubiri. Akilia mnamuuliza mbona wakati wa kutengeneza hakulia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Huyu hakuficha, amejiweka wazi mbele yenu kama uzazi unavyotaka, nanyi mmeugeuza uchi wake kuwa mzaha wa zamu.

Msiseme ni porojo za mitaani. Watafiti waliwahoji akina mama waliojifungulia vituoni katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walipoulizwa wakiwa wanaondoka kituoni, kama 19 katika kila 100 walisema walitendewa vibaya: kukaripiwa, kupuuzwa, kudhalilishwa, wengine kupigwa. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ikapanda hadi 28 katika kila 100. Itazameni tofauti hiyo bila kupepesa macho. Kilichobadilika ni mahali pa kusemea. Ndani ya geti lenu mtu alipima maneno, kwa sababu huenda kesho akarudi na mtoto mwenye homa, akukute wewe yule yule dirishani. Ukimya huo ndio mnaouandika kwenye ripoti kuwa mteja ameridhika.

Na siri mmeifanya nini? Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 iliweka wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri ya mwenyewe. Nanyi mnaita jina kwa sauti ya mnadani, mlango uko wazi, benchi zima linageuza shingo. Jioni majibu yamefika saluni kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Ndiyo maana mtu anaipita zahanati ya mtaani kwake, anapanda daladala mbili kwenda kuchukua dawa pasipo na anayemjua. Mnapenda kumkumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, semeni: anayeyatangaza maradhi ya mwenzake yeye aumbuliwe na nani?

Nanyi wa ajira msijifiche nyuma ya makosa ya hospitali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada wala gharama, iwe waziwazi au kwa njia ya kuzunguka. Ninyi mnatoza fomu, mnatoza usajili, mnatoza ya kumwona bosi, na mwisho mnasema nafasi imejaa. Mnatangaza kazi gazetini huku jina la atakayeipata mmeshalijua tangu juzi. Vijana mia wanachoma nauli ili tu faili lenu lionekane limefuata taratibu. Binti akija na shahada yake mnaiweka pembeni na kumuuliza anapatikana lini jioni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaliita jambo hilo kosa la jinai. Ninyi mnaliita usaili.

Halafu yuko anayepelekwa Muscat au Dubai kufanya kazi za ndani. Mnamwekea mbele mkataba wa lugha asiyoisoma, anabonyeza dole gumba, anapanda ndege akimshukuru Mungu na wewe. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza yanayofuata: pasipoti kuchukuliwa na mwajiri, mshahara kuwa pungufu ya ulioahidiwa au kutolipwa kabisa, kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Anapiga simu kwa wakala aliyemwita "mwanangu" siku ya kuondoka. Simu haipokelewi. Kamisheni ilikwisha kuliwa.

Na ninyi mlioko kwenye benchi, msipige makofi. Karipio hili lina upande wenu. Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa majina ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Watu hao hawakutoka mwezini. Ni wajomba zetu na shangazi zetu, na kwenye sherehe za kupata kwao kazi tulikula pilau. Mnanunua ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzishwa kazi, ilhali miili yenu ni mizima. Mnachomeka noti ndani ya kadi ili mumpite mzee aliyewahi foleni tangu saa kumi alfajiri, kisha mnarudi nyumbani mkilaani rushwa. Mnameza dawa za kienyeji, daktari akiuliza mnaapa hamjatumia kitu, mgonjwa akizidiwa mnamfuata muuguzi na ngumi. Kila cheti cha uongo mnachopeleka kinamfanya anayekuja nyuma yenu na cheti cha kweli atazamwe kama mwizi.

Lakini dhambi hizi hazilingani uzito. Wa benchi alidanganya akiogopa. Wa mezani alidanganya akijua kwamba hakuna wa kumgusa.

Mtanijibu kwamba mshahara ni mdogo, na usiku muuguzi ni mmoja kwa wodi nzima. Ni kweli, na hapo nawageukia ninyi mnaogawa bajeti. Mwaka 2001, huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Wengi wenu mliichukulia ahadi hiyo kama hotuba ya ufunguzi, na mkiugua ninyi ndege huelekea India. Mkubwa asiyeiamini hospitali aliyoizindua kwa utepe asimkemee mwanakijiji asiyeiamini. Hata hivyo, wewe wa zamu ya usiku, uchache wenu haukumfundisha mtu tusi. Glovu zinaweza kuisha stoo. Salamu haiagizwi kutoka bohari ya dawa.

Nawaambia litakalokuja, na tayari limeanza. Mtaletewa wagonjwa siku ya mwisho, mkiwa hamna la kufanya. Mtaletewa vyeti ambavyo hamtaweza kuvitenganisha, vya kweli na vya bandia, kwa kuwa mliwafundisha watu kwamba ukweli hauajiriwi. Na siku itafika wewe muuguzi utalazwa mahali wasikokujua, wewe wakala mwanao atashika bahasha kwenye mlango usio wako, nanyi mtahudumiwa kwa desturi mliyoijenga wenyewe.

Basi acheni kampeni za kujenga imani. Acheni mabango yenye nyuso zinazotabasamu. Fungeni mlango kabla ya kumtajia mtu majibu yake. Bandikeni bei ukutani, na pale huduma ilipo bure andikeni "bure" kwa herufi kubwa, kisha mtoe risiti kwa kila shilingi. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, neno kwa neno, mbele ya ndugu wa anayesaini, na nakala abaki nayo yeye. Aliyekosa kazi ajibiwe kwamba amekosa, na kwa nini. Aliyetukanwa wodini aombwe radhi wodini, mbele ya waliosikia tusi. Nanyi wa benchi, semeni ukweli kwa daktari na rudisheni noti mfukoni. Lakini wasiowatendea haki wasiwasubiri ninyi mtangulie.

Anayeshika siri, majibu na pasipoti ya mwenzake ndiye mdaiwa. Mdaiwa haombi kuaminiwa, hulipa kwanza. Lipeni.