Uhai Usiokomea Kaburini

Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu jijini Dar es Salaam, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902 si mbali na kivuko cha Magogoni, waumini hukiri kila Jumapili imani katika ufufuo, yaani mwili kuhuishwa na kuunganishwa tena na nafsi kwa uwezo wa Mungu. Imani hiyo hufundisha kwamba nafsi, ambayo ndiyo asili ya uhai wa mwanadamu, haifi pamoja na mwili, na kwamba kifo, ingawa huleta machozi ya kweli, kimeshindwa na Kristo aliyefufuka. Kwa hiyo uhai ni amana itakayotolewa hesabu. Basi kila msikilizaji na amtembelee mgonjwa, amfariji mfiwa, na apatane na ndugu aliyekosana naye kabla jua halijatua.